Tununue bulangeti, tuache mbabula inje

Mvua inaanza kutuaga. Ukitoka asubui mapema unaona umande mu majani, na watoto wanaoenda ku masomo wameanza kukunja mikono ku kifua. Bado haijawa baridi yenyewe, hii ni hodi tu. Lakini kila mwaka Lubumbashi inasikia hodi hii na kunyamaza. Kisha mwezi wa sita ukifika, wote tunakimbia sokoni siku moja, tunanunua bulangeti kwa bei ya kulia, na mwenye kukosa makuta anaingiza mbabula mu chumba cha kulala na kufunga mulango.

Leo nataka kuongea juu ya ile mbabula. Nitaongea pia juu ya bulangeti, triko, maharagi na maji ya moto, kwa kuwa hauwezi kumwambia mutu «toa moto mu nyumba» bila kumwonyesha namna atakavyolala. Wazo langu ni moja: baridi ya Juni inatengenezewa mwezi wa ine, na makuta kidogo kidogo, na nyumba iliyotengenezwa vile haina haja ya makala usiku.

Wandugu wa Kinshasa wanatuchekaka: «Baridi gani tena, mu Congo?» Waje walale Katuba ama Ruashi mwezi wa saba, kisha tutaongea. Sisi tunaishi juu. Muji wetu uko zaidi ya metre 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita 1,400. Toka mwezi wa tano mvua inakatika, mbingu inabaki wazi. Muchana jua linawaka mpaka unatoa triko. Usiku hakuna mawingu ya kufunika udongo, na joto yote ya muchana inapanda kwenda zake. Mu Juni na Julai, kuna usiku ambapo tunashuka chini ya digri 10. Kwa mutu wa Ulaya mwenye nyumba yenye moto ya kisasa, digri 10 si kitu. Kwa mutoto anayelala ku matela juu ya simenti, chini ya mabati bila plafon, na dirisha lenye kukosa kioo, ile digri 10 inatosha kumufanya akohoe mpaka kucha.

Basi tunatafuta moto. Na moto tulio nao karibu ni makala.

Sasa niwaambie kitu nisichopenda kukumbuka. Ilikuwa mwaka mumoja, katikati ya Juni. Mu lupango yetu kulikuwa chumba kimoja cha inje. Alikuwa amekipanga kijana mumoja na bibi yake, na mutoto wao wa miezi mine. Wiki ile mudogo wa yule kijana alifika toka Likasi kutafuta kazi. Alikuwa na miaka 17. Mafasi ya kitanda haikuwa, akalala chini ku mukeka, upande wa mulango. Mangaribi, yule mama alikuja kupiga hodi kwangu.

— Tata, utusamehe. Unaweza kutuazima mbabula? Ya kwetu imetoboka, na baridi ya leo iko mingi, mutoto hawezi kulala.

— Kamata tu, mama. Iko pale ku jiko. Hata makala iko ndani, ilisha kuwaka.

Njo maneno yote niliyosema. Sikuuliza wataiweka wapi. Nilijua wataiweka wapi, kwa kuwa wakati ule hata mimi kwangu nilikuwa naiweka mafasi ile ile.

Asubui saa moja mulango wao haukufunguka. Tukabisha, tukaita, kimya. Tukavunja. Ndani kulikuwa joto nzuri. Hakukuwa moshi. Hakukuwa harufu ya kitu. Nguo ilikuwa imesukumwa chini ya mulango kuzuia upepo. Mama na mutoto walikuwa ku kitanda, upande wa dirisha lenye kioo kilichovunjika. Walikuwa wamelegea, lakini walipumua. Kijana alitapika, akashindwa kusimama. Mudogo wake, pale chini karibu na mbabula, hakuamuka tena.

Ku hospitali muganga alitueleza wazi: ni hewa ya makala. Lakini ku matanga sauti ya muganga inakuwa ndogo. Siku ya pili maneno yalikuwa ingine. Watu walikumbuka kama nkambo mumoja wa upande wa bibi alipita siku ya Mungu, akaleta viazi vitamu. Kwa nini alipita siku ile? Kwa nini mutoto wa upande wake hakufa, akafa wa upande wa bwana? Mangaribi yake, neno «bulozi» lilikuwa mu kinywa cha kila mutu. Yule nkambo hakuachwa kusogea karibu na sanduku. Mpaka leo, pande mbili za ile jamaa hazisalimiane vizuri.

Na mimi? Mimi nilinyamaza. Ningesema «ni mbabula», wangeniuliza «mbabula ya nani?» Nilikaa ku kiti changu, nikakunywa chai ya matanga, nikaacha muzee wa watu abebe kosa la chombo changu cha kupikia. Njo maana naandika haya leo, na nitaandika tena mwaka kesho kama gazeti itanipa nafasi.

Basi tuite kitu kwa jina lake. Makala ikiwaka inatoa hewa moja ya sumu; wenye masomo wanaiita monoksidi ya kaboni. Haionekani. Haina harufu. Haikohoze. Ikiingia mu mapafu inashikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko hewa nzuri tunayopumua, na damu inazunguka mu mwili bila kubeba kitu. Kichwa kinaanza kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Mutu mwenye kuamuka anasema «labda ni malaria». Mutu mwenye kulala hasemi kitu: usingizi tu unazidi kuwa muzito.

Kuna maneno matatu ambayo tunadanganyana kila mwaka. La kwanza: «Makala ikisha kuwa nyekundu na moshi umekwisha, haina hatari tena.» Si kweli. Moshi njo ulikuwa unakuonya. Ukiisha, ile sumu inaendelea kutoka, ila sasa hakuna kinachokuonya. La pili: «Weka beseni ya maji pembeni, maji itakamata sumu.» Maji haikamate kitu. La tatu: «Acha dirisha wazi kidogo.» Ku chumba chetu, kile kidogo hakitoshe, na usiku saa nane, baridi ikizidi, mutu anaamuka na kukifunga. Tena ile hewa si ya makala peke yake. Mwenye kuingiza grupu ya umeme mu nyumba ama mu baraza lililofungwa, na kuiacha iwake juu ya kukatika kwa umeme, analala na sumu ile ile.

Wazee wengine wananijibu: «Sisi tulikomaa na moto mu nyumba, ku kijiji. Mbona hatukufa?» Ni swali la haki. Nyumba ya kijiji ilikuwa na majani juu, na hewa ilipita mu majani. Ukuta haukufika mpaka juu. Moto ulikuwa wa kuni. Ulikohoza watu, ulitoa machozi, mutu alisukuma mulango. Leo tumejenga na matofali na simenti, tumeweka mabati, dirisha tumefunga na chuma na karto juu ya wezi. Tumebadilisha nyumba, lakini namna ya kuota moto hatukubadilisha. Na hata kule kijijini, nani alihesabu wale waliolala na hawakuamuka, kisha nkambo fulani akafukuzwa juu yao?

Sasa tuingie mu hesabu, kwa kuwa watu wengi wanasema: bulangeti ni kitu cha wenye makuta, sisi wengine tuna makala tu. Tuangalie. Tuseme mufuko mudogo wa makala ya usiku ni falanga 1,000. Kila mutu aweke bei ya soko lake. Kuanza tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ni usiku 93. Ile ni falanga 93,000, na kila asubui unaimwanga inje pamoja na majivu. Baridi ikiisha, huna kitu mu mukono. Kamata makuta yale, uende sokoni, uulize bei ya bulangeti. Kwangu, makala ya baridi moja ilinunua bulangeti mbili na triko za watoto. Bulangeti zile bado ziko. Zimeona baridi kadhaa sasa, na mwaka kesho zitakuwa zinafunika mutu.

Shida yetu ni hii: makala inauzwa kila siku kwa makuta ya siku, na bulangeti inaomba makuta mengi mara moja. Mutu wa kazi ya siku hana mengi mara moja. Njo maana ninasema Aprili. Ukianza tarehe 1 Aprili kuweka pembeni ile 1,000 ya makala ambayo bado hauinunui, tarehe 15 Mei una 45,000, na baridi yenyewe bado. Kama 1,000 ni nzito, weka 500. Kama kuweka peke yako ni vigumu kwa sababu mu nyumba makuta hayalali, ingieni mu likelemba: wamama kumi wa lupango ama wa kanisa, kila wiki mumoja anakamata, lakini mupatane toka mwanzo kama atakayekamata atarudia sokoni na bulangeti mu mukono, si na kikwembe kipya. Na mununue mbele ya watu wote kutoka sokoni. Muuzaji wa nguo za mitumba hana ubaya. Anapandisha bei mu Juni kwa kuwa anatuona tunatetemeka.

Lakini bulangeti peke yake haitoshe kama nyumba inaachilia joto. Hapa kuna kazi za mikono, na nyingi hazinunuliwe.

Anza na matela. Watu wengi wanajifunika juu na kusahau kama baridi inatoka chini, ku simenti. Weka karto chini ya matela, na juu ya karto uweke magazeti, tabaka kwa tabaka. Hata gazeti hii, kama umeisha kuisoma. Anayelala ku mukeka njo anahitaji karto kupita wote. Muchana, toa matela na bulangeti ku jua, uvirudishe ndani saa kumi, mbele jua halijalegea. Jua la Juni ni la bure, na kitu chenye kukauka vizuri kinashika joto kuliko kitu chenye unyevu.

Kisha mulango na dirisha. Kamata muguu wa pantalo ya zamani, ushone upande mumoja, ujaze muchanga, ushone upande wa pili: njo umepata nyoka ya kulala chini ya mulango. Kioo kikivunjika, karto na plastiki inatosha kwa miezi mitatu. Nyufa za ukuta zijaze na udongo wa kichuguu, ule ule wa kufinyanga matofali. Kwa mwenye kukosa plafon, mifuko ya unga ikifuliwa na kushonwa pamoja inaweza kutandikwa chini ya mabati. Ila iwe mbali na mushumaa. Na ninarudia: kazi hii ya kuziba ni kwa nyumba isiyokuwa na moto ndani. Ukiziba mashimo na kuingiza mbabula, umefunga sanduku wewe mwenyewe. Hata bila moto, acha tundu kidogo juu ya ukuta, watu wapumue.

Nguo: mbili nyepesi zinapita moja nzito, kwa sababu hewa inayobaki katikati inashika joto. Ni vile vile na bulangeti. Bikwembe viwili vya zamani vikishonwa pamoja, na katikati nguo zilizochakaa zikatandikwa vizuri, vinakuwa bulangeti ya watoto. Kofia ya sufi kwa mutoto na kwa muzee, soksi kavu za kulalia. Ile ya muchana ina jasho, itamuletea baridi.

Maji: saa sita weka bidon ama beseni ya maji ku jua, ile ya rangi nyeusi inapata joto mbio. Watoto waoge saa tisa, mbele ya jua kushuka. Kuogesha mutoto saa mbili usiku mu Julai ni kumutetemesha bure. Usiku, wakati unapikia chakula inje, chemsha maji ya kupita kidogo. Ingine iende mu termo kwa chai ya asubui, ingine mu chupa yenye kufunga vizuri. Funga chupa mu nguo, uiweke mu kitanda ku miguu dakika 15 mbele ya kulala. Kwa mutoto mudogo, maji isiwe ya kuchemka, na utoe chupa mbele ya kumulalisha.

Makala ibaki kwa kupika, na hata kule tupunguze. Maharagi njo inakula makala kuliko vyote. Loweka toka usiku. Ichemshe nguvu, nusu saa hivi, kisha toa chungu ku moto na mufuniko wake, ukifunge mu bulangeti ya zamani, ukiweke ndani ya karto yenye manguo ama majani makavu. Kiache saa tatu, saa ine. Joto yake mwenyewe inaendelea kupika. Kisha unairudisha ku moto kidogo tu na mafuta na kitunguu, ichemke mbele ya kula. Bibi yangu alinicheka siku ya kwanza: «Chungu kinavaa triko, mimi sina?» Leo anafundisha majirani. Makala iliyobaki baada ya kupika ifunikwe na chombo, izimike, utumie kesho. Na tukumbuke kama kila mufuko unatoka mbali kuliko ule wa mwaka uliopita. Wale vijana wa baisikeli wanaosukuma mifuko saa kumi ya usiku hawatoki tena pale baba zao walikuwa wanakata miti. Miombo inakimbia muji, na bei inafuata.

Tena, tusisahau bukari. Mahindi inavunwa mwezi wa ine mpaka wa sita, na njo wakati bei inashuka. Mwenye kuweza kununua mufuko wa mahindi sasa, akaukausha vizuri na kuuweka juu ya mbao mbali na ukuta, atakushukuru mwezi wa kwanza, wakati wengine wanapanga mustari kwa unga uliovuka Kasumbalesa. Hii si maneno ya baridi peke yake, lakini makuta ya nyumba ni yale yale: kile ulichoweka akiba ku unga njo kitanunua triko.

Najua kuna mutu anayesoma na kusema: «Huyu anaongea kama mwenye mushahara. Mimi hata 500 sina.» Ndugu, karto ni bure, gazeti ya jana ni bure, muchanga ni bure, jua ni bure. Kulalisha watoto pamoja ku kitanda kimoja ni bure. Kama nyumba yako haina kitu mwaka huu, fanya vile vine, na uende kwa jirani bila haya kuomba bulangeti ya zamani. Haya ya kuomba inapita. Mutoto akipita harudie.

Kuna pia kazi ambayo haiko ya mupangaji. Wenye malupango, mulikamata garanti ya miezi kadhaa. Wekeni vioo mbele ya mwezi wa tano, na wekeni tundu la hewa juu, lenye waya, ambalo mwizi hapite na hewa inapita. Wenye masentineli, yule mutu anayelinda motokari yako anaingiza mbabula mu kijumba chake cha mulango kwa sababu haukumupa koti. Koti moja nzito na termo ya chai ni bei kidogo kuliko sanduku. Wapasta na mapadri, muna watu mbele yenu kila siku ya Mungu: dakika mbili mu Mei, neno moja tu, «mbabula ibaki inje». Walimu, muwaambie watoto. Mutoto akisha kusikia kitu ku masomo, mu nyumba hatanyamaza. Wenye radio, musemeshe waganga mbele ya Juni, musingojee kutangaza maiti.

Na wakubwa wetu? Haki yetu iko. Mito yetu inazungusha mashini za Mwadingusha na Koni ku Lufira, za Nzilo na Nseke ku Lualaba. Shaba yetu njo inabeba umeme wa inchi za watu. Kuona mutu wa Lubumbashi anakufa na makala ili apate joto ni haya kubwa, na tusichoke kuisema. Lakini Juni haitangojea majibu yao. Tudai umeme mukono mumoja, tushone bikwembe mukono wa pili.

Na siku moja, Mungu atuepushe, ukikuta watu wamelegea mu chumba chenye mbabula: fungua mulango na madirisha yote, watoe inje mbio, wapate hewa, na wewe usikawie mule ndani. Usiwape maziwa wala mawese, haiponyeshe. Wapeleke ku hospitali wote, hata yule anayesema «niko muzima sasa». Na kwa muganga sema neno lenyewe: «Walilala na mbabula.» Usilifiche. Neno lile njo litamufanya atafute oksijeni mbio. Kisha ku matanga, kama matanga itakuwa, rudia neno lile lile mbele ya watu wote, hata kama mbabula ilikuwa yako.

Mimi nilikawia. Mwaka uliopita, nyuma ya Paska, nilienda kumutafuta yule nkambo. Alikuwa amekaa inje ku jua, na kofia ya sufi mu kichwa. Nikamweleza yote: nani aliomba, nani alitoa, ilikuwa imewaka toka kwangu. Alinyamaza mingi. Kisha akaniuliza: «Na wale wa upande wa bwana, ulisha kuwaambia?» Nikasema bado. Akasema: «Basi kwangu ulipotea njia. Kwao njo ulikuwa unaenda.»

Nilienda. Hayakuwa mazungumuzo mepesi, na sitayaandika hapa. Ila mbabula ile bado tuko nayo, tunapikia inje. Watu wanakuja kuiazima, haswa mwezi wa sita, na siwanyimi. Ila sasa mbele ya kuitoa nasema: «Kamata, mama, lakini ibaki inje. Na kama ni bulangeti inakosa, uniambie, tutaona.»